Maswali kwa Fundi: Umeme wa Kuja na Kuondoka

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia jambo moja: pikipiki ya miaka mingi ambayo umeme wake unakuja na kuondoka. Nimechagua chache. Zile za kuuliza "ninunue CDI gani?" nimeziweka kando, maana nikizisoma vizuri naona wengi wenu hamhitaji CDI, yaani kile kisanduku kinachotawala moto wa plagi.

Inazima nikikata kona kushoto

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Honda 125 ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba, ya kabureta na ya kupiga kiki. Inazima ghafla, hasa nikikata kona kushoto au nikiruka tuta. Ikizima, vinakufa vyote: honi hailii, taa ya nyutro haionekani. Nikikaa kidogo au nikitikisa usukani, inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafundi watatu wameiona, lakini kwao haizimi. Wameshabadilisha betri, plagi, koili na CDI. Niongeze jambo moja: kuna wakati betri ilikufa kabisa, nikawa naendesha kwa kiki bila shida. Nishauri kabla sijaiuza. (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiiuze. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe.

Umeme wa kuja na kuondoka hauanzi kutafutwa kwa spana. Unaanza na swali: injini inapozima, ni nini kingine kinakufa nayo? Kama injini imekufa lakini honi inalia, tafuta upande wa moto wa plagi: pulsa (kikoili kinachoiambia CDI wakati wa kutoa moto), CDI, koili (inayokuza volti za plagi), kofia ya plagi, swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani. Kama vimekufa vyote kwa mpigo, huko kote hakukuhusu. CDI haina njia yoyote ya kunyamazisha honi. Waliokubadilishia CDI, koili na plagi walikuuzia vifaa tu, ugonjwa hawakuutafuta.

Na lile jambo uliloliongeza mwishoni ndilo zito kuliko yote. Betri ilikufa na pikipiki ikaendelea kutembea. Maana yake moto wa plagi kwenye pikipiki yako unatoka moja kwa moja kwenye magneti, kile kizalishaji umeme kinachozungushwa na injini, hautegemei betri. Honi na taa ya nyutro ndizo zinazokula betri. Sasa fikiri: kama kasoro ingekuwa kwenye betri au fyuzi, honi ingekufa lakini injini ingeendelea. Kama ingekuwa kwenye CDI, injini ingekufa lakini honi ingelia. Kwako zinakufa zote mbili sekunde ileile. Basi tunatafuta mahali ambapo njia hizo mbili zinakutana, na mahali hapo ni pawili tu: swichi ya funguo, na bolti ya ethi ya pamoja, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi.

Tuanze na swichi. Kwenye Honda za aina yako swichi ya funguo ina nyaya nne. Mwekundu unatoka betri. Mweusi unapeleka umeme kwa honi, indiketa na vingine. Mweusi wenye mstari mweupe unatoka kwenye CDI. Wa kijani ni ethi. Ukifungua funguo, mwekundu unagusana na mweusi. Ukifunga, hao wawili wanaachana, halafu ule wenye mstari mweupe unagusanishwa na kijani, moto wa CDI unamwagwa kwenye ethi na injini inakufa. Swichi ikilika, kile kisahani cha shaba ndani yake kinacheza. Tuta moja, au usukani ukivuta nyaya ukiwa umekata kona, kinateleza kidogo kuelekea upande wa kufunga. Honi kwisha, injini kwisha. Pikipiki yako inazimwa kwa njia ileile unayoizima wewe ukifika nyumbani.

Una mzigo gani kwenye funguo hiyo? Nauliza kwa sababu naona watu wananing'iniza funguo za nyumba, ofisi, kabati, kufuli la geti na kifungulio cha soda juu. Vyote vinadunda kwenye swichi kila shimo, mwaka mzima. Funguo ya pikipiki ikae peke yake.

Kwa nini mafundi hawakuiona? Kwa sababu waliipiga kiki, wakaisikiliza ikiwa imesimama, wakasema nzima. Kasoro ya namna hii lazima uilazimishe ijitokeze pale ulipo. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, nyutro, injini iungurume polepole. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Acha. Kisha ishike funguo, itikise juu na chini, ivute nje kidogo, ila usiizungushe. Acha. Kisha shika lile fungu la nyaya linalopita shingoni mwa usukani, likunje taratibu. Kimoja kwa wakati. Ukitikisa vitatu kwa pamoja ikazima, utakuwa umejua nini?

Ikikataa kuzima, tumia njia ya pili. Tafuta soketi ya swichi ya funguo, mara nyingi imejificha ndani ya kikombe cha taa kubwa au nyuma yake. Ichomoe. Waya mwekundu na mweusi upande wa pikipiki uunganishe kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Ule wenye mstari mweupe uache ukielea, usiguse kitu, funika ncha yake. Sasa swichi haimo tena kwenye mchezo. (Ndiyo, pikipiki itawaka bila funguo. Wezi wanalijua hili tangu zamani, kwa hiyo sijatoa siri.) Zunguka nayo kwenye kona na matuta yako ya kila siku. Kuzima utatumia swichi ya kwenye usukani. Kama haipo, kanyaga breki, tia gia, achia klachi taratibu. Usizime kwa kung'oa kofia ya plagi: moto ule unatafuta pa kutokea, na mkono wako uko karibu.

Isipozima tena, umempata mwizi. Swichi nyingine zina kisahani cha chini kinachofunguka, unasafisha shaba na kurudisha. Ukikuta shaba imelika hadi ina mfereji, nunua swichi nyingine, usijidanganye. Na ile tabia ya kunyunyizia mafuta kwenye tundu la funguo inaleta nafuu ya muda tu, halafu vumbi linashika na hali inakuwa mbaya zaidi.

Ikizima hata bila swichi, nenda kwenye ethi. Fuata nyaya za kijani mpaka uone bolti inayozikusanya kwenye fremu, aghalabu chini ya tangi karibu na koili. Fungua. Usiangalie kama imekazwa, angalia kama inang'aa. Nimekuta bolti iliyokazwa kwa nguvu zote, lakini kati ya pete ya waya na fremu kuna rangi ya kupulizia iliyowekwa na mtu aliyetaka pikipiki ipendeze. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti, siku ukitaka. Piga msasa fremu hadi chuma cheupe, piga msasa pete pande zote mbili, kaza, halafu ndipo upake grisi juu yake kuzuia maji. Grisi baada ya kukaza, si kabla.

Na jambo la mwisho kwako, ili ulikumbuke siku mtu mwingine atakapoishika. Kwenye Honda waya mweusi si ethi, ni waya wenye moto. Kijani ndiyo ethi. Kwenye Yamaha mweusi ndiyo ethi. Suzuki ni mweusi wenye mstari mweupe, Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano. Fundi aliyezoea Yamaha akiunga kitu kwenye mweusi wa Honda yako akidhani ni ethi, utaniandikia barua nyingine.

Mita inasema volti zipo, taa inasema hazipo

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimejifunza mwenyewe kutumia multimeta ya dijitali. Nimepima Yamaha yangu ya zamani kuanzia betri hadi soketi ya taa kubwa, na kila mahali napata volti 12.4. Lakini nikiwasha taa inafifia, siku nyingine inang'aa vizuri. Stata nayo siku nyingine inazunguka, siku nyingine inalia "tik" basi. Nimebadilisha relei ya stata, hali ileile. Je, mita yangu ni mbovu?

JIBU: Mita yako nzima, ndugu yangu. Umeiuliza swali lisilofaa.

Mita ya dijitali inapopima volti haili umeme wowote wa kuhesabika. Ukinzani wake wa ndani, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni kama omu milioni 10, kwa hiyo kutoka kwenye betri ya volti 12 inavuta kama sehemu moja tu ya milioni ya ampea. Sasa chukua waya wenye nyuzi ndogo 20 za shaba, kata 19, bakiza mmoja. Pima volti upande wa pili: 12.4. Pima kama umeunganika: mita inalia "piii" kwa furaha. Lakini washa taa ya wati 35, ambayo inahitaji karibu ampea 3, uone. Uzi mmoja hauwezi, unapata moto, na umeme unapotelea hapohapo. Hapo ndipo mita inapowapoteza watu wengi, hata wenye vyeti.

Kipimo kinachofaa ni cha mzigo ukiwa kazini. Taa iwe imewashwa na imeunganishwa; usichomoe soketi, chomeka ncha ya mita kwa nyuma yake. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), kipimo kidogo. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri, ile risasi, si kibanio cha waya. Ncha nyeusi iguse waya unaoingia kwenye taa. Usishangae kuona namba ndogo, ndiyo tunayoitaka: hizo ni volti zinazopotea njiani. Ukipata 0.2 au 0.3, njia ni nzuri. Ukipita nusu volti, kuna mahali panakula. Ukipata 1.5, umeshajua kwa nini taa inafifia: ni sawa na nusu omu ya kutu na waya uliolegea, na nusu omu huwezi kuiona kwa kupima volti zako za 12.4.

Halafu sogeza ncha nyeusi ukirudi nyuma, hatua kwa hatua, kutoka taa kuelekea betri. Swichi ya taa, mbele yake na nyuma yake. Swichi ya funguo. Soketi ya shingoni. Fyuzi. Namba itashuka ghafla ukivuka mahali pabovu. Ukiwa hapo, mkono mmoja uache kwenye ncha, mwingine utikise waya. Kasoro ya kuja na kuondoka inajionyesha kwa namba kurukaruka, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii.

Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi, ambao karibu kila mtu anausahau. Kutoka waya wa ethi wa taa (mweusi, kwenye Yamaha yako) hadi kichwa cha hasi cha betri. Umeme unaokwenda lazima urudi, na njia ya kurudi ikiwa na kutu taa inafifia vilevile.

Stata ni hadithi ileile yenye namba kubwa. Stata inavuta makumi ya ampea. Tuseme 60. Ukinzani wa 0.05 tu, ambao mita za kawaida hata haziusomi vizuri, unakunywa volti 3. Ndiyo "tik" yako. Weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye bodi ya injini, penye chuma kitupu, kisha mwenzako abonyeze stata. Ikipita 0.3, fungua ule waya mnene wa ethi, safisha pande zote mbili. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata. Relei uliyobadilisha huenda haikuwa na kosa.

Ila kabla ya hayo yote pima betri yenyewe. Hizo 12.4 unazozifurahia si za betri iliyojaa. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 hadi 12.8. Ichaji kwanza. Wakati stata inazunguka, ikishuka chini ya 9.6 au hivyo kwenye vichwa vyenyewe, betri imechoka na vipimo vingine vyote vitakudanganya.

Macho nayo ni kipimo. Fungua kikombe cha fyuzi. Zile za glasi za zamani zina kofia mbili za chuma. Mara nyingi utaona moja inang'aa na nyingine imekuwa ya kahawia, na plastiki iliyo karibu nayo imejikunja. Fyuzi haijaungua, ukiipima ni nzima. Lakini kibanio cha upande ule kimelegea, kinagusa kidogo, kinapata moto, kikipata moto kinalegea zaidi. Penye rangi ya moto ndipo penye ukinzani. Vivyo hivyo kwenye soketi ya nyaya tatu zinazotoka magneti: ukikuta plastiki yake imegeuka hudhurungi, usitafute mbali.

Ukishapata mahali, kata hadi ufike kwenye shaba nyekundu. Shaba nyeusi au yenye unga wa kijani haishiki chochote. Unga kwa kibanio cha kubana kwa plaizi maalumu, kisha funika. Lehemu ninaitumia nyumbani kwenye redio. Kwenye pikipiki inapenya ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, na mtetemo unaukata pale lehemu inapoishia. Na zile klipu za plastiki za kutoboa waya bila kuumenya, ukizikuta kwenye pikipiki uliyonunua, toa zote.

Ikipata moto inazima, ikipoa inawaka

SWALI: Pole na kazi, fundi. Mimi ni dada ninayesambaza vifurushi kwa Suzuki ya kabureta. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikishapata moto inaanza kukohoa, halafu inazima. Taa zote zinawaka, stata inazunguka kwa nguvu, ila haishiki. Nikiiacha ipoe inawaka kwa mguso mmoja. Kaka yangu anasema kabureta, fundi wetu anasema CDI.

JIBU: Nzuri sana kwamba umetaja taa, dada. Betri, fyuzi na swichi ya funguo tunavitoa kwenye orodha kwa sasa.

Siku ikizima tena, kabla hujafanya lolote fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia "fyuuu" ya hewa ikiingia kwa nguvu na pikipiki ikashika baada ya muda mfupi, tundu la hewa la mfuniko limeziba; petroli ilikuwa inashindwa kushuka. Si umeme kabisa, na dalili zake ni hizohizo unazoeleza. Safisha tundu, kaka yako atakuwa amekaribia kushinda.

Isiposhika, ni wakati wa kuangalia moto, na uangalie hapohapo barabarani, kwa sababu ikishapoa ushahidi umeondoka. Tembea na plagi ya akiba. Ile iliyoko kwenye injini iache palepale, ili mvuke wa petroli usitoke. Ing'oe kofia tu, ivalishe plagi ya akiba, ikandamize mwili wake wa chuma kwenye bolti ya kichwa cha silinda kwa plaizi yenye mpira, mbali na kabureta, kisha piga stata. Cheche ya bluu inayodunda kwa sauti ikionekana, rudi kwenye petroli. Isipoonekana, au ikiwa nyembamba ya rangi ya chungwa, ninamshuku pulsa kwanza na koili baadaye. CDI namweka wa mwisho.

Pulsa ni kikoili kidogo kilicho kando ya magneti, waya wake ni mwembamba kama unywele. Ukikatika ndani, ncha zinabaki zimegusana zikiwa baridi. Moto wa injini ukivivimbisha vitu, zinaachana. Zikipoa zinarudiana. Ndiyo maana fundi akiipima asubuhi anaikuta nzima. Mwambie aichomoe soketi ya pulsa, aunganishe mita kwenye omu, kisha apulizie pulsa hewa moto kwa ile mashine ya kukaushia nywele huku anatazama namba. Namba kupanda polepole ni kawaida. Ukinzani wa shaba unaongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo ikipata joto la digrii 50 zaidi, itapanda kwa takriban asilimia 20. Namba ikiruka, au ikipotea kabisa halafu ikarudi ikipoa, huyo ndiye. Koili ya plagi ifanyiwe vivyo hivyo, kofia ikiwa imetolewa, maana kofia nyingi zina ukinzani wake ndani na zinaharibika peke yake.

CDI haipimiki kwa mita. Inajaribiwa kwa kuazima nzima kutoka pikipiki ya aina ileile. Fundi wako akisema CDI bila kuazima, anabahatisha kwa fedha zako.

Fyuzi inaungua nikiwa na abiria

SWALI: Fundi, fyuzi yangu inaungua mara mojamoja, na nimegundua ni pale ninapobeba mtu. Nikiwa peke yangu hata wiki inapita salama. Jirani kaniambia nizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, yeye hufanya hivyo. Ni sawa?

JIBU: Hapana, na jirani yako anaendesha akiwa amekalia petroli juu ya nyaya zisizo na ulinzi. Fyuzi inalinda nyaya. Ukiweka karatasi ile, kitakachoungua safari nyingine ni fungu zima la nyaya chini ya tangi. Usiongeze ukubwa wa fyuzi pia.

Abiria akipanda, nyuma inashuka. Tairi linakaribia madigadi, na ndani ya madigadi zimepita nyaya za taa ya nyuma na indiketa. Ingiza mkono, uzifuate kwa vidole. Nina hakika kubwa utakuta mahali gamba la waya limelika na shaba inachungulia. Angalia pia ukingo wa bati la chini la siti, unapokandamizwa na watu wawili.

Kama huoni, toa fyuzi, na mahali pake weka balbu ya taa kubwa, volti 12, wati 35, uliyoiunga nyaya mbili. Zima kila kitu, fungua funguo. Pakiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote. Pasipokuwa na shoti inafifia au haiwaki. Uzuri wake ni kwamba balbu haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 3 hivi, kwa hiyo unaweza kuiacha na shoti ukitafuta taratibu bila kuunguza kitu wala kumaliza fyuzi. Mweke rafiki yako mzito kwenye siti, mwambie arukeruke, wewe tazama balbu. Ikimulika ghafla, mwambie asiondoke, halafu anza kuzisogeza nyaya za nyuma moja moja hadi izime.

Balbu zinaungua, betri inachemka

SWALI: Kila mwezi nabadilisha balbu, na maji ya betri yanakauka. Nikivuta mafuta mita inasoma 15.6 kwenye betri. Nimeambiwa rektifaya. Kweli?

JIBU: Huenda. Rektifaya ndiyo inayogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri. Kawaida ni 13.5 hadi 14.5 injini ikizunguka kwa mwendo wa safari, 15.6 inaua betri. Lakini kabla ya kununua, pima volti kati ya mwili wa rektifaya na kichwa cha hasi cha betri, injini ikizunguka na taa zikiwaka. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ethi yake ikiwa mbovu, rektifaya inaweza kushindwa kudhibiti volti sawasawa, ikazidi kuisukumia betri. Waya mmoja wa ethi uliosafishwa umeshaokoa rektifaya nyingi zisitupwe. Na usijaribu ile michezo ya kuchomoa betri injini ikiwa inazunguka ili "kuona kama inachaji". Volti zitaruka na kuua vilivyobaki.

Chanya kwenye fremu

SWALI: Nimenunua Triumph ya miaka ya 1960 kutoka Uingereza. Waya wa chanya wa betri umefungwa kwenye fremu. Fundi anasema aliyeiunga alikuwa mlevi, anataka kugeuza. Nimruhusu?

JIBU: Mzuie. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka hiyo ziliundwa hivyo, chanya ndiyo ethi yake, na zinafanya kazi vizuri kabisa. Akigeuza betri tu bila kugeuza vingine, ataunguza diodi za kuchaji mara tu atakapounganisha. Kama ameshageuza, asiwashe. Airudishe ilivyokuwa, abandike karatasi juu ya betri yenye maneno "CHANYA KWENYE FREMU", na ukinunua balbu za LED au kichaji cha simu uangalie kwanza kama vinakubali mpangilio huo.